Meno ya Madam Justa

6 Julai, Jumatatu
Shule imefunguliwa. Daftari hili nimelinunua Buzuruga, karibu na stendi, kwa sababu nikiendelea kusema kila ninachokiona nitafukuzwa kazi, na nikinyamaza nitapasuka. Basi nitaandika.

Kidato cha Pili B wako sabini na mmoja. Wastani wao wa hesabu muhula uliopita ni ishirini na saba. Kufaulu ni thelathini. Mtihani wa taifa ni Novemba. Vumbi la Buswelu limeingia mpaka kwenye boksi la chaki.

9 Julai, Alhamisi
Saa tisa alasiri nimewabakiza Kidato cha Pili B kwa kipindi cha ziada. Nusu yao hawakuingia. Walikuwa nyuma ya darasa lilelile, upande wa pili wa dirisha, wanapiga ngoma. Anayewafundisha ni Mwalimu Yeremia wa Kiswahili, mzee wa Magu aliyebakiza miaka miwili astaafu. Hakuna anayemlipa wala aliyemwomba. Amekaa juu ya tofali, anatikisa mguu, ameridhika kabisa na dunia.

Mimi natafuta x ubaoni, na x yenyewe inaruka kwa mdundo. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Nimefika nyumbani nina hasira hata ugali haukupita.

10 Julai
Upepo wa ziwani. Mabati ya ofisi ya walimu yamegongana kutwa nzima. Hata mabati yana ngoma yao.

16 Julai, Alhamisi
Leo wameimba. Kwa Kisukuma. Mimi ni mtu wa Muleba, na miaka sita ya Mwanza Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu. Niliona tu wanafunzi waliokuwa ndani wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Nikamsimamisha Shimba, kiongozi wa darasa.

"Wanaimba nini?"

"Nyimbo tu, Madam."

"Shimba."

"Wanakuimba wewe, Madam."

Nikamlazimisha atafsiri, mstari mmoja mmoja, na mimi nikauandika ubaoni chini ya milinganyo, kwa chaki nyekundu:

Madam Justa anahesabu kila kitu,
anahesabu madawati, anahesabu makosa.
Kitu kimoja kimetushinda kuhesabu:
meno yake. Nani amewahi kuyaona?

Darasa likafa kwa kicheko. Nikaenda dirishani. Aliyekuwa katikati ya duara, jembe la kuchezea ngoma begani, ni Kija. Kija huyuhuyu wa dawati la nyuma, aliyepata kumi na mbili kati ya mia, ambaye tangu Kidato cha Kwanza hajawahi kunyoosha mkono kwenye kipindi changu. Sauti yake ilipita juu ya ngoma zote bila kujitutumua. Aliniona, hakuacha. Aliinua kidevu akanitazama kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake. Sikujua anangoja nini. Nilifunga dirisha.

17 Julai, Ijumaa
Nimeandika barua kwa Mkuu wa Shule, Mwalimu Revocatus. Ukurasa mmoja na nusu. Kelele wakati wa masomo, utovu wa nidhamu, kumdhalilisha mwalimu. Sikuwa na haja ya kutia chumvi, nilikuwa na hasira ya kutosha.

Mkuu aliisoma amesimama, akaitisha kikao papo hapo. Kuanzia leo ngoma marufuku. Muda wote ni wa masomo. "Shule hii ni ya taaluma," alisema, kama kuna aliyesema ni ya kuvulia samaki. Ngoma tano zikabebwa hadi stoo, na ufunguo wa kofuli nikakabidhiwa mimi, kwa heshima. Mwalimu Yeremia alifuta miwani muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

Kija akaitwa. Mkuu akamwambia aombe msamaha Jumatatu mstarini, na aandike kwamba hataimba tena shuleni. Kija akasema, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi niliye karibu niliisikia kwa shida:

"Nikiomba msamaha kwa ajili ya wimbo, Mkuu, nitaimbia mdomo gani tena?"

Mkuu akamrudisha nyumbani mpaka atakapoweza kuomba msamaha. Niliona ni haki. Naandika hivi wazi ili baadaye nisijidanganye: niliona ni haki, na nililala vizuri.

20 Julai
Kija hakuja.

23 Julai, Alhamisi
Kipindi cha ziada, kimya, wote sabini wamo ndani. Nilifundisha saa nzima na nusu bila kukatizwa. Nilipouliza swali, hakuna mkono. Nikauliza jepesi zaidi, hakuna mkono. Wananitazama tu kama watu waliopanga foleni zahanati.

30 Julai
Kimya. Mikono hakuna.

7 Agosti
Kesho Nane Nane. Sina la kuandika ila kwamba maji yamekatika Buzuruga siku ya tatu na mwenye nyumba anasema nitumie ya ziwa. Ziwa liko mlangoni kwake?

13 Agosti, Alhamisi
Nimesahihisha jaribio. Wiki nne za kipindi cha ziada bila ngoma hata moja, na wastani ni ishirini na sita. Umeshuka kwa moja. Nimehesabu mara tatu.

Nimewafokea darasa zima. Nimewaambia ni wavivu, hawana shukrani. Shimba akasimama akaomba kwenda chooni, na watu tisa wakamfuata mmoja mmoja, kwa adabu kubwa, na hakuna aliyerudi. Huo nao ni wimbo, nadhani.

20 Agosti, Alhamisi
Nimegombana na Mwalimu Yeremia ofisini. Nilianza mimi. Yeye alikuwa anakunywa chai zake. Nilimwambia kama anadhani nitaona aibu kwa sababu wastani umeshuka, asubiri sana.

"Sijasema kitu, Madam."

"Ndiyo hicho. Husemi. Niambie basi, ngoma itawapa nini hawa watoto? Itawapeleka chuo? Itawaajiri?"

Akaweka kikombe. "Na wewe hesabu ulipoipenda, ulikuwa unataka ikuajiri?"

Nikamjibu ndiyo, kwa ukali. Ni uongo. Nauandika hapa kwa sababu hakuna atakayeusoma. Hesabu niliipenda nikiwa Kidato cha Tatu, siku sista aliyetufundisha alipochora pembetatu ubaoni, akaongeza mstari mmoja tu, na kila kitu kikajionyesha chenyewe. Niliona raha mwili mzima. Nilienda nyumbani ninaimba. Sikuwaza kazi wala mshahara. Nilitaka tu mtu aniongezee mstari mwingine.

Mimi sabini wangu sijawahi kuwaonyesha mstari huo. Nimewaonyesha makosa yao kwa wino mwekundu. Hili limeniudhi zaidi ya ngoma, na nimemchukia Yeremia jioni yote kwa kulitaja bila kulitaja.

3 Septemba
Nimefungua stoo kuchukua chaki. Panya ametoboa ngozi ya ngoma kubwa pembeni. Niliipiga kofi kumfukuza, na ikalia. Nilikaa mle ndani muda mrefu kuliko chaki zilivyohitaji.

4 Septemba
Nimeziinua ngoma zote juu ya meza. Si kwamba nimebadili mawazo. Ni mali ya shule.

15 Septemba, Jumanne
Leo nimekasirika hasira ambayo sijawahi kuijua.

Kikao cha mahafali ya Kidato cha Nne, tarehe kumi Oktoba. Mgeni rasmi atatoka mkoani. Mkuu akasoma ratiba: kuwasili kwa mgeni, wimbo wa taifa, risala, na halafu, nanukuu, "burudani ya ngoma kutoka kwa wanafunzi wetu wenye vipaji."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Ngoma zipi, Mkuu?"

"Zetu. Si unao ufunguo wewe?"

"Zimepigwa marufuku."

"Madam Justa, mgeni hawezi kuja akaangalia watu wanasoma. Lazima apokewe."

Na akacheka, na walimu wakacheka, na kikao kikahamia kwenye turubai na soda. Kwa hiyo siku sitini ngoma ni kelele, ni upotevu wa muda, ni utovu wa nidhamu, watoto wanafukuziwa. Anakuja mtu mmoja kwenye gari lenye bendera, kwa saa mbili, na ghafla ni kipaji. Kumbe Mkuu wakati wote alijua thamani yake! Alijua vizuri kabisa. Aliiweka stoo pamoja na viti vya wageni, itolewe pale wageni wanapokuja.

Na mimi ndiye niliyempa kofuli. Barua ya ukurasa mmoja na nusu. Kila nikifika hapo nataka kupiga kitu teke.

16 Septemba
Mwalimu Yeremia amekataa kupanga ngoma ya mgeni. Kasema anaumwa magoti.

17 Septemba
Mkuu anataka Kija aimbe, kwa sababu bila yeye kundi linaimba kama watu wanaosoma tangazo la msiba. Amenituma mimi nikamlete. Mimi! "Wewe ndiye mlalamikaji, ukimwita wewe atajua yameisha. Akija akaimba, arudi darasani, nimemaliza." Nimemwambia alirudie hilo mbele ya karani. Amelirudia.

19 Septemba, Jumamosi
Nimetoka Kigongo. Nitaandika yote, hata kama ni aibu.

Nilipanda gari la Sengerema, nikashuka upande wa huku kabla ya daraja. Kija anaishi na bibi yake karibu na pale pantoni zilipokuwa zinatia nanga. Bibi alikuwa akiwauzia watu mihogo na samaki wakingoja kuvuka. Sasa magari yanapita darajani bila kupunguza mwendo. Meza yake bado ipo, na juu yake kulikuwa na mihogo ya kutosha watu watatu. Kija alikuwa chini anamenya. Aliponiona alisimama, akasema "Shikamoo Madam," akakaa, akaendelea kumenya.

Nilimwamkia bibi. Akaitikia marahaba, akanipangusia kiti, akanipa muhogo. Nikaanza hotuba yangu. Mtihani uko Novemba, asipofanya atarudia mwaka, shule imempa nafasi, aje aimbe siku ya mahafali na yataisha.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza:

"Wewe ndiye uliyeimbwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukajibu nini?"

"Niliandika barua kwa Mkuu wa Shule."

Akageuka kumtazama Kija, kisha mimi. Hakuwa na hasira. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Mayu," akaniita, yaani mama, "uliimbwa ukaenda kushitaki?"

Nikasema nilidhalilishwa mbele ya wanafunzi wangu. Akatikisa kichwa. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mgeni aliyekosea mlango. Huku kwao ngoma hushindana mbili. Moja inakaa mwisho huu wa uwanja, nyingine mwisho ule, zinapigwa kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watu wanakwenda kule kunakowavuta, na atakayebaki peke yake ndiye kashindwa. Na mwimbaji humtaja mpinzani wake kwa jina, humsema miguu, humsema ng'ombe zake, humsema mke wake.

"Mimi niliimbwa kwamba miguu yangu ni ya kuku. Uwanja mzima. Unafikiri nililala? Wiki iliyofuata nikamwimba yule mzee kwamba kuku huyo ndiye anayemwamsha kila siku maana mke wake kamkimbia. Watu walihama upande wake wote, akabaki na mpiga ngoma wake na mbwa. Na alipofiwa na mama yake, nilikwenda kumpikia wiki nzima." Akanisogezea chumvi. "Mtu asiye na uzito haimbwi, mayu. Huyu mtoto alikuona una uzito. Alikungoja. Ukaenda kwa mtemi!"

Nilikumbuka kile kidevu dirishani. Alikuwa ananiachia zamu.

Nikamuuliza Kija mwenyewe, je atakuja? Hakuinua macho kutoka kwenye muhogo.

"Kumwimbia mgeni siwezi, Madam. Wimbo wangu mmoja haujajibiwa. Siwezi kuanza mwingine juu yake."

"Nikikujibu?"

Hapo akaniangalia. Nikaona ana miaka kumi na mitano na kwamba miezi miwili hii imemkondesha.

"Ukinijibu nakuja hata kama utanishinda."

"Sijui kuimba."

"Najua, Madam," alisema, na bibi akamkaripia kwa Kisukuma, wote wawili wakijizuia kucheka.

Kwenye gari la kurudi nilikuwa na hasira na kila mtu. Na Mkuu, na sera, na wote waliotukabidhi shule tukaigeuza ghala la mitihani. Lakini zaidi na mimi. Mtoto ambaye karatasi zangu huziacha nyeupe alikaa mahali, akanitazama vizuri kuliko mkaguzi yeyote, akapata mistari minne ya kweli tupu juu yangu, akaiweka kwenye mdundo. Hiyo ilikuwa kazi yake bora tangu aanze shule. Nami niliisahihisha kwa kumfukuza.

22 Septemba
Nimetunga mistari sita. Yote mibaya.

24 Septemba, Alhamisi
Nimemwendea Mwalimu Yeremia. Nilimwambia nataka anifundishe kujibu. Magoti yakapona palepale.

Alinifanya niimbe kwenye chumba cha maabara, milango imefungwa. Akasema sauti yangu si mbaya, tatizo langu naimba kama naita mahudhurio.

27 Septemba
Nimejitazama kwenye kioo nikahesabu meno. Yako thelathini na moja. Moja liling'olewa Bukoba nikiwa Kidato cha Tano. Nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikanyamaza ghafla, maana nilikuwa nimeupata wimbo.

2 Oktoba
Mawingu upande wa ziwa. Hayajanyesha.

10 Oktoba, Jumamosi
Mahafali.

Mgeni rasmi alichelewa saa mbili na nusu. Wazazi jua liliwachoma, turubai lilikuwa la mgeni na wenzake tu. Kija, niliyekuwa nimemtumia ujumbe kwamba nitamjibu, alikuja na bibi yake kwa gari la kwanza, akasimama pembeni na sketi ya shule iliyopigwa pasi. Nilifungua kofuli. Vijana walipoona ngoma wakazisogelea, mmoja akaweka shavu lake juu ya ngozi.

Mkuu alikuwa amewaandikia wimbo. Karibu mgeni wetu, tunakushukuru kwa maendeleo. Kija aliimba ubeti huo mmoja, kwa adabu, mgeni akatikisa kichwa kwa mdundo, Mkuu akatabasamu. Halafu ngoma zikabadilika. Kija akageuka, akatafuta uso wangu kati ya walimu, akainua kidevu, akauimba ule wimbo wa Julai, kwa Kiswahili safari hii ili kila mtu aelewe. Meno yake, nani amewahi kuyaona?

Nilisikia uwanja ukishusha pumzi. Nilimwona Mkuu akinyanyuka. Nikaondoka kwenye safu ya walimu nikaenda mwisho wa pili wa uwanja, alipokuwa ananingoja Mwalimu Yeremia, kama tulivyopanga, na ngoma mbili, Shimba kwenye moja, na wapishi wawili wa shule wenye majembe. Nikafungua mdomo wote:

Kija wa Kigongo, njoo uhesabu,
haya hapa, mdomo nimeufungua!
Meno yangu thelathini na moja,
maksi zako kumi na mbili:
nimekuzidi hata nikitafuna!

Sijui kuelezea kilichofuata. Walianza wanafunzi, wakafuata wazazi, walikuja mbio, na viti vya plastiki vimebebwa vichwani. Kina mama walipiga vigelegele. Mgeni rasmi mwenyewe aligeuza kiti chake upande wangu. Miaka kumi na moja ninafundisha na sijawahi kuona watu mia tano wanakuja kunisikiliza kwa miguu yao wenyewe. Nilirudia mara mbili. Ningerudia mpaka usiku.

Kija alisikiliza ubeti wote, anacheza taratibu, jembe linazunguka mkononi. Hakuandika popote, hakutulia kufikiri. Akajibu:

Thelathini na moja ni D, Madam,
hata mdomo wako haukupata A!
Mimi nimepungukiwa kumi na nane nifaulu,
wewe yakidondoka mawili
unarudia darasa!

Basi. Uwanja wote ukarudi kwake. Viti, wazazi, Kidato cha Nne na majoho yao. Mgeni aliacha kiti akaenda kwa miguu. Wapishi wangu nao walinitupa. Nilibaki na Yeremia na Shimba, na Shimba alikuwa anapiga ngoma huku akitazama kule.

Na hasira ikanipanda palepale, uwanjani, nikiwa nimeshindwa mbele ya mkoa mzima. Huyu mtoto ametoa kumi na mbili kwenye thelathini akiwa anaruka! Amejua kwamba ishirini na tisa ni kufeli! Ubongo huu wote umekaa dawati la nyuma miaka miwili, na hakuna aliyewahi kuuliza swali ambalo ungependa kulijibu.

12 Oktoba, Jumatatu
Kija alifika darasani saa moja asubuhi. Saa mbili Mkuu akamtoa.

Nilimkuta ofisini kwake amekasirika. Kasema wimbo ulikuwa wa kuaibisha shule mbele ya mgeni, kwamba sasa makosa ni mawili, kwamba ngoma zirudi stoo leo, na Kija hatafanya mtihani bila kuomba msamaha.

"Ulisema akiimba anarudi."

"Nilisema aimbe wimbo niliompa."

"Mgeni alikasirika?"

"Mgeni anajua utamaduni. Hapa tunazungumzia nidhamu."

"Nani kadhalilishwa, Mkuu?"

"Wewe, Madam! Barua yako iko kwenye faili."

Nikaomba kuiona. Akanipa, alidhani nataka kuongeza. Nilitoa kalamu yangu nyekundu, ileile, nikachora mstari kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, na juu ya mstari nikaandika: Hakuna kosa. Aliyekosea ni mlalamikaji. Nikatia saini na tarehe. Nikamwambia karani agonge muhuri wa kupokelewa, na karani, aliyekuwa amebeba kiti kichwani siku ya Jumamosi kama wenzake, akagonga kabla Mkuu hajafungua mdomo.

"Sasa hana kesi," nikasema. "Jina lake lipo kwenye orodha ya mtihani. Akikosa siku hiyo, nitaeleza kwa maandishi ni kwa nini, na unajua naandika barua ndefu."

Aliniambia nitajuta. Inawezekana. Kija alirudi darasani saa nne.

Ngoma nikaagizwa nizifungie. Nimezibeba jioni na Mwalimu Yeremia kwa bajaji mbili, mpaka sebuleni kwangu Buzuruga. Halafu nikarudi nikaifunga stoo, kama nilivyoagizwa.

15 Oktoba, Alhamisi
Watoto kumi na sita sebuleni kwangu. Mwenye nyumba amekuja kugomba, akabaki mlangoni mpaka mwisho.

23 Oktoba
Mvua imeanza. Kwenye mabati haisikiki sauti ya mwalimu, basi nilichora tu. Pembetatu, na mstari mmoja wa ziada. Mikono mitatu iliinuliwa. Wa Kija haukuwemo, lakini aliuchora mstari ule kwenye kiganja chake kwa kalamu.

3 Novemba
Wadudu wa ziwani wameingia darasani kama moshi. Tumefundishia nje.

12 Novemba, Alhamisi
Mtihani wa hesabu. Wasimamizi wametoka shule nyingine, sisi tulikaa mbali, barazani mwa ukumbi. Kija alipotoka nilimuuliza swali la sita kapata ngapi. Akasema arobaini. Si arobaini. Nikamwambia si arobaini, tukabishana mpaka getini.

Huenda akafeli. Kuna watu wanangoja matokeo ili waseme, ona, ngoma imemsaidia nini? Nawajibu mapema, kabla hawajauliza. Haikuahidi kumsaidia hesabu. Nani anaiuliza hesabu kama imewafundisha watoto kuimba?

20 Novemba, Ijumaa
Leo Mkuu amenifuata darasani na tabasamu, jambo la kutisha. Mkononi ana barua. Ofisi ya mgeni rasmi inaomba kikundi chetu kikatumbuize kwenye sherehe yao Desemba, kwa kuwa mgeni hajawahi kusahau siku ile. Mkuu ameshajibu kwamba shule hii daima imekuza vipaji.

"Twende stoo," akasema.

Tukaenda. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikampa ufunguo afungue mwenyewe. Kofuli lilikuwa limeshika kutu, alihangaika nalo. Mlango ukafunguka. Mlikuwa na meza mbovu, maboksi matatu ya chaki na yule panya.

Akatazama ndani. Akanitazama mimi. Akatazama ndani tena.

"Ngoma ziko wapi?"

"Zinatumika, Mkuu. Kila Alhamisi, saa kumi na moja, sebuleni kwangu."

"Zirudishwe leo. Na kikundi kijiandae."

"Kikundi si changu. Kamwombe Kija."

"Nimwombe? Mimi? Mwanafunzi?"

"Ndiyo. Na ukienda, jiandae, maana nasikia wewe nawe ameshakutungia. Utatakiwa kujibu."

Alibadilika rangi. Akasema nitapata barua ya kujieleza ndani ya siku tatu, akasema uhamisho, akasema mengi, na mvua ikapiga mabati kwa nguvu hata sehemu kubwa sikuisikia. Nilikuwa na hasira naye, nina hasira naye hadi sasa ninapoandika, na bado nilihisi mdomo unanifunguka wenyewe, wote, mpaka lile pengo la Bukoba.

"Unacheka nini?" akafoka.

Nikamwambia ahesabu.